Choo cha Karatasi

Kwanza, usiende na hasira. Hasira haina muhuri.
Nenda na kalamu mbili: ya pili ni ya kumwazima
yule atakayekwambia yake imekauka.

Mimi Mbodze wa Charo, muuza ukwaju na ndimu,
safu ya tatu, ubavuni mwa wauza mkaa,
nilivuka daraja la Nyali kwenda kuomba karatasi za choo.
Usicheke. Si karatasi hizo.

Kibao kilisimama miaka miwili pale sokoni:
CHOO CHA UMMA, MATUNDU MANANE, KIMEKAMILIKA.
Chini yake magugu,
na mbuzi wa Shebwana akiyala bila haraka.
Sisi tulijisaidia kwa shilingi ishirini
nyuma ya duka la vipuri, au tulikaza,
tukakaza hadi magoti yakaijua siri.

Mdogo wangu Nyevu, aliyesoma, akaiandika barua
kwa afisa wa habari wa kaunti,
kwa Kiswahili, maana sheria yaruhusu.
Jina langu, anwani, namba ya simu.
Kisha akakitaja kitu chenyewe:
mkataba wa ujenzi, jina la mkandarasi,
hati za malipo, cheti cha kukamilika, picha.
Si "habari zote za soko".
Ukiomba bahari utapewa povu.
Sababu hakuandika. Sheria haikuulizi sababu.
Mimi nilikuwa nayo, ila nilikuwa nimeibana.

Kijana wa mapokezi akaniangalia kikapu.
"Mama, wewe ni mwandishi wa habari?"
La.
"Wakili?"
Muuza ukwaju.
Akasema faili iko kwa mkubwa, mkubwa yuko semina,
nirudi Jumatano. Hakusema ipi.
Nikamwambia, mwanangu, Jumatano sikukuuliza.
Piga muhuri hapa. Nakala yako, nakala yangu,
tarehe juu ya zote mbili.
Akautafuta muhuri kama mzee atafutaye meno yake gizani.
Ulipolia, pu!
nikaanza kuhesabu.

Siku ishirini na moja. Kila jioni kokwa moja ya ukwaju
ndani ya kopo la maziwa.
Ya ishirini na moja ilipoanguka nililitikisa kopo
likapiga kelele kuliko ofisi nzima.
Hapo Nyevu akaiandikia Tume ya Haki za Kiutawala,
akaambatisha ile nakala.
Muhuri ndio uliosema. Mimi ningelia tu.

Kokwa ya hamsini na nne, simu:
"Mama Mbodze, njoo na pesa za fotokopi."
Kurasa arubaini na moja. Nililipa, nikadai risiti,
nikaketi papo hapo kwenye ngazi, miguu ya watu ikinipita.
Malipo awamu tatu, yote yametiwa saini.
Vigae vyeupe. Mabeseni manne. Tangi la lita elfu kumi.
Nilitembea ndani ya choo chetu ukurasa kwa ukurasa;
kila kitu kilikuwemo,
hata sabuni.

Na ukurasa wa mwisho, picha.
Choo kizuri, haki ya Mungu, milango ya buluu.
Ila nyuma yake pana mlima,
na mabegani mwa mlima, ukungu.

Nikaibandika juu ya kibao kwa gundi ya unga.
Wauza mkaa wakaja, wachukuzi wakaja,
Shebwana akaja na mbuzi wake.
Hakuna aliyepiga kelele.
Mwakesi, mwenye mkokoteni, akautazama ule mlima kwa muda,
akauliza:
"Sasa nauli ya kwenda kukojoa huko ni pesa ngapi?"
Tukacheka, wanawake kwa tahadhari,
maana kibofu kikijaa kicheko nacho ni hatari.

Kopo nimelimwaga, nimelisuuza.
Jumatatu napeleka barua ya pili,
fupi kuliko ya kwanza:

naomba jina la mlima.